Mkato Ulioachwa Mezani

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ile lilikuwa mkato. Mke alikuwa amekaa upande wa dirisha, ameshika karatasi za kitabu cha kusoma cha darasa la nne, anasoma kwa sauti. Mume yuko ng'ambo ya meza na kalamu nyekundu, anafuatisha katika karatasi zake. "Bibi akafungua mlango, mkato," alisoma mke, kisha akanusa hewa, akasema maharage yanaungua, akainuka. Aliporudi alisema macho yamechoka, watamalizia kesho. Kesho yake asubuhi alilalamika kifua, wakampeleka hospitali, na jioni mume akarudi peke yake, amebeba viatu vya mkewe ndani ya mfuko wa plastiki. Tangu hapo zile karatasi zimelala pale pale mezani, zimefunguka ukurasa ule ule, na kalamu hajaigusa.

Siku tunayoisimulia, kampuni ya vitabu ilimpigia simu mapema. Walisema kwa upole kwamba hawawezi kungoja tena. Kesho watatuma mtu aje azichukue karatasi, kazi apewe mwingine. "Pumzika, mzee wetu," walimwambia. Akajibu sawa. Akavaa kofia, akatoka kwenda kijiweni.

Benchi la kijiweni ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa duka la kinyozi, mbele ya jiko la Mama Birika anayeuza kahawa. Ubao haukupigiliwa msumari. Aliyekaa mwisho mmoja akiinuka ghafla, wa mwisho wa pili anajikuta chini na kikombe chake. Kwa hiyo pale mtu hainuki bila kutangaza. Asubuhi ile walikuwepo watatu: Wembe, ambaye ndiye kinyozi mwenyewe, Breki, dereva wa lori aliyestaafu siku moja na lori lake, na Shahidi, karani wa zamani wa mahakama, ambaye hata akiomba sukari huapa kwanza. Mzee aliyevaa kofia wao humwita Nukta.

– Karibu, Mzee Nukta. Kaa katikati, huku pembeni Breki ana tabia mbaya.

Akakaa. Mama Birika akammiminia bila kuuliza.

– Tulikuwa tunasema, alianza Breki kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwamba mtu akiniandikia "hii kitabu," mimi nasikia kama amenikanyaga kidole cha mguu.

– Kidole kipi? akauliza Shahidi.

– Kile chenye kucha mbovu.

– Afadhali yako. Mimi ni "masaa." "Nimekusubiri masaa mawili." Naapa mbele yenu, mtu wa namna hiyo mwache aendelee kusubiri.

– Nyie mna raha, alisema Mama Birika. Mimi kuna mteja ananiandikia kwa herufi kubwa tupu. Simu ikilia nafungua, moyo unaenda mbio, nasema nyumba inaungua. Kumbe anauliza: MAMA KAHAWA IPO.

– Bila alama ya kuuliza?

– Bila. Nami najibu: IPO. Hajui kama nimemjibu au nimemrudishia swali lake.

Wembe alicheka, kisha akamtupia Nukta jicho la pembeni. Nukta alikuwa anapuliza kahawa.

– Yote hayo ni simu, alisema Breki. Simu zimetengenezwa kwa vidole vya watoto. Ukiwa na dole kama langu, unagusa herufi moja zinakuja tatu. Mimi nukta siweki kabisa. Nukta ni breki, na dereva hafungi breki barabara ikiwa nyeupe.

– Ndiyo maana ujumbe wako mtu anausoma mpaka anaishiwa pumzi, akasema Wembe. Juzi umeniandikia habari za mtoto wako, za tairi na za jino, vyote kwa mkupuo. Nikampa pole tairi.

– Si simu, alisema Shahidi. Mimi nimekaa mahakamani miaka, najua chanzo. Ni meno.

– Meno?

– Naapa. Angalieni wanaobadilisha r kuwa l. Wengi wameng'olewa jino la mbele. Herufi r inahitaji ukuta wa kuegemea. Ukuta ukibomoka, inateleza, inakuwa l.

– Lakini hiyo ni kusema, Shahidi. Sisi tunaongelea kuandika.

– Mkono unasikiliza mdomo! Umeona wapi mkono ukaandika neno ambalo mdomo umelikataa?

– Na wale wanaokata neno vipande? akauliza Mama Birika. "Nime kuja." "Ana kula."

– Hao ni wavuta sigara, alijibu Wembe. Wanapumzika njiani.

Katikati ya kicheko alifika mwanamke mwenye mfuko wa spana begani, fundi bomba, akasema anangoja duka la vifaa la mkabala lifunguliwe. Wakamsogezea nafasi.

– Kaa, dada. Ila ukitaka kuinuka sema kwanza.

– Niseme nini?

– Sema "nainuka." Usipotutangazia utatuua.

Fundi bomba akauchungulia ubao chini, akaona matofali, akakaa kwa uangalifu.

– Mimi nawaambia, alirudi Breki, akiwa sasa amepamba moto, tatizo ni kwamba alama zinakwisha. Alama za kuandikia hazikutengenezwa nyingi. Zilikuwa zinatosha watu wa zamani walioandika barua mbili kwa mwaka. Sasa kila mtu anaandika kutwa nzima. Ndiyo maana mmoja anaweka alama za mshangao tano, mwenzake hana hata mkato mmoja. Wachache wamejilimbikizia.

– Sasa hapo, alisema Shahidi, hapo nathibitisha. Na alama za mshangao zimehifadhiwa kwa wauza viwanja.

– Na vinyozi, akasema Mama Birika, akainua kidevu kuelekea mlangoni kwa Wembe.

Wote wakatazama juu, kana kwamba bango lilikuwa limetundikwa dakika ile. Lilikuwa jipya, jekundu juu ya nyeupe: KINYOZI BOLA. HAPA TUNA NYOA NDEVU NYWELE NA WATOTO BULE!!!

Zamani Nukta asingekaa kunywa kahawa chini ya kitu kama kile. Mwaka jana aliazima ngazi, akapanda mwenyewe, akamrudishia muuza maziwa ile alama ya juu iliyopotea katika ng'ombe wake. Aliwahi kurudisha dawa dukani, si kwa sababu ya dawa, kwa sababu ya kibandiko. Mkewe alikuwa akimshika mkono wakipita barabarani, kama mtu anayempitisha mtoto mbele ya duka la peremende. Sasa alilitazama bango, akalisoma lote mpaka mwisho, akarudisha macho kwenye kikombe.

– Bango zuri, alisema.

Breki akaweka kikombe chini.

– Wembe, mwambie basi.

– Nimwambie nini?

– Mwambie wewe, au nitasema mimi.

Wembe alitoa taulo begani, akalikunja, akalikunjua.

– Mzee Nukta, lile bango nimeliandika vile makusudi. Mimi "bora" naijua. Nimesoma.

– Tumeliandika, alisahihisha Shahidi. Naapa, ile "bule" ni mchango wangu.

– Na ile mishangao mitatu ni yangu, akasema Mama Birika.

– Tulisema ukiliona utakuja juu, aliendelea Wembe. Utatutukana, utaomba ngazi, utatupa somo hapa mpaka kahawa ipoe. Tutakuwa tumekupata. Wiki nzima tunakungoja, mzee wangu, na mji mzima unanicheka. Jana kaja mama na watoto watano, ananionyesha bango, anasema wameandikwa bure. Nimewanyoa wote. Ningefanyaje?

Fundi bomba alishindwa kujizuia, akacheka mpaka spana zikalia mfukoni. Hata Nukta mdomo ulimchezacheza kidogo.

– Nililiona siku ile ile, alisema. Rangi ilikuwa bado mbichi.

– Na hukukasirika?

– Niliyaona makosa yote. Nikapita.

– Hata kidogo hukukasirika?

– Hata kidogo.

Wembe alimtazama kama daktari aliyebonyeza mahali panapotakiwa kuuma, na mgonjwa akasema hasikii kitu.

– Leo wamenipigia, alisema Nukta. Kesho wanakuja kuzichukua karatasi. Wanampa mtu mwingine.

– Wape! alisema Breki. Upumzike, bwana. Umewasahihishia watoto wa watu miaka mingapi?

– Asiwape! Shahidi aliruka, na ubao ukayumba. Tuwaandikie barua. Mimi nitaiandika, kwa kiapo.

– Wewe na "bule" yako uandike barua?

– Nimeshasema ilikuwa makusudi!

– Basi umefanya makusudi mfululizo tangu nikufahamu.

– Samahani, wazee wangu, alisema fundi bomba. Mimi mgeni. Kwani hiyo kazi yenyewe inafanywaje?

Nukta aligeuka. Ilikuwa muda mrefu hajaulizwa jambo ambalo jibu lake analijua.

– Ni ya watu wawili, mwanangu. Mmoja anasoma kwa sauti ile nakala ya mwandishi, kila neno na kila alama. Penye mkato anasema mkato, penye nukta anasema nukta. Wa pili anafuatisha katika karatasi zilizotoka kiwanda cha uchapaji, ana kalamu. Jicho likiachwa peke yake linadanganya. Linaona lilichozoea kuona. Lakini sauti ikisema mkato na jicho halioni mkato, basi hapo umelikamata kosa.

– Kumbe! Breki alijipiga paja. Kumbe ndiyo ile! Jioni nikipita chini ya dirisha lenu nilikuwa namsikia shemeji. Mkato. Nukta. Aya mpya. Mimi nilidhani anakugombeza, tena kwa mafungu. Nikasema huyu mwanamke ana nidhamu, hata ugomvi anauwekea nukta!

Nukta alicheka. Kilimtoka kicheko kifupi, kama chafya, na yeye mwenyewe alikishangaa.

– Ndiko jina lako lilikotoka, alisema Mama Birika taratibu. Tulilisikia dirishani.

– Jina langu?

– Nukta. Ulidhani ni kwa ajili ya ngazi zako?

Alikuwa amedhani hivyo. Miaka yote alikuwa amedhani ni utani wa mabango. Alishusha kofia kidogo usoni, akaipandisha tena. Kwa hiyo kila walipomwita, walikuwa wakimwita kwa sauti ya mkewe, na hakuna aliyemwambia.

– Sasa nani anakusomea? aliuliza fundi bomba.

Aliuliza kama anavyouliza bomba limeanza kuvuja lini. Alitaka kujua tu. Breki alichungulia kikombe chake. Wembe alikuwa anafuta mpini wa mkasi uliokuwa tayari unang'aa. Ng'ambo ya barabara mwenye duka la vifaa aliusukuma mlango wa bati juu, ukapiga kelele, na fundi bomba hakusogea. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Nukta. Likatoka tone moja na machicha.

– Imekwisha, alisema, ingawa hakuna aliyeomba.

Akalirudisha birika jikoni.

– Nainuka, alisema Nukta.

– Inuka, mzee.

Wote wakashika ubao kwa mikono miwili, na mgeni naye akashika.

Asubuhi iliyofuata Wembe alikuwa anafagia duka alipomwona Nukta mlangoni, mafungu mawili ya karatasi kifuani, kalamu nyekundu katika mfuko wa shati.

– Una mteja?

– Saa hizi? Hata hao wa bure hawajaamka.

– Nimewapigia simu. Nimeomba mpaka mwisho wa wiki.

Wembe akaegemeza ufagio ukutani. Nukta alipanda kwenye kiti cha kunyolea bila kukaribishwa. Akauchukua ule ubao mfupi wanaokalia watoto ili vichwa vyao vifike kwenye kioo, akaulaza juu ya mikono ya kiti, ukawa meza. Akapanga fungu moja juu yake. La pili akampa kinyozi.

– Soma kila kitu. Usiruke alama hata moja. Na usome polepole, sikimbizwi.

– Mimi sijui kama sauti yangu…

– Inatosha.

Wembe alifuta mikono kwa taulo, akasogea penye mwanga wa mlango. Karatasi ya juu ilikuwa imejikunja pembeni, palipowahi kushikwa na kidole cha mtu mwingine. Akasafisha koo.

– "Bibi akafungua mlango," alisoma, mkato…

– Huo ulishasomwa, alisema Nukta. Anzia mbele yake.

Kinyozi akatafuta mahali kwa kidole. Nukta akavua kifuniko cha kalamu.