Bi. Mwasiti na Sabuni ya Ujiji

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja, Bi. Mwasiti Abeid anakabidhi mhuri wake na kustaafu kazi ya afisa wa hati katika ofisi yetu ya bima ya mizigo, Kigoma. Alianza mwaka 1994 akiwa mchapaji, na mashine yake ya taipu ilisikika hadi getini. Waliomkuta enzi hizo wanasema hakukosea herufi, ila chai aliisahau mpaka inapoa.

Saruji, chumvi ya Uvinza, mahindi: karibu kila mzigo uliovuka ziwa kwenda Bujumbura au Kalemie ulipita mezani pake. Kabla ya kuandika hati alishuka bandarini kuuona kwa macho, akitaniana na makuli kwa Kiha. Kisha, ajabu, aliandika maneno machache kuliko sisi tusioona kitu! Alitufundisha kwamba benki haifungui gunia, inasoma karatasi. LC, yaani barua ambayo benki ya mnunuzi inaahidi kumlipa muuzaji, ikisema sabuni ya mche ya kufulia, hati ya bima inaweza kusema sabuni tu ikatosha. Kosa ni kuandika jambo linalopingana na LC. Neno la ziada, alikuwa akisema, humrudi mwenyewe.

Mimi sikusikia. Mwaka 2011, nikiwa bado kwenye majaribio ya kazi, nilichapa hati ya sabuni ya Mzee Swaibu, aliyokuwa akimuuzia Protais Ntakarutimana wa Bujumbura. LC ilisema imetengenezwa Kigoma. Nami ni mtoto wa Ujiji, na kwetu Ujiji ni Ujiji, Kigoma ni kule stesheni. Nikaandika kwa fahari kwamba imetengenezwa Ujiji. Bi. Mwasiti aliniamini, akasaini. Benki ikazikataa karatasi zote, huku sabuni imeshavuka na LC imebakiza siku mbili. Mzee Swaibu alikuwa ameweka mtaji wake wote humo.

Bi. Mwasiti alichapa hati mpya, akapanda gari kupitia Manyovu na kuifikisha benki Bujumbura saa moja kabla haijafunga. Mzee Swaibu akapona. Mkuu wa wakati huo alipouliza nani alikosea, Bi. Mwasiti alijibu ni yeye. Alinieleza baadaye koridoni kwamba yeye ameshaajiriwa, mimi bado, basi yaishe.

Hayakuisha. Alipewa barua ya onyo, na mwaka uliofuata, kwa sababu ya barua hiyo, akanyimwa ukuu wa ofisi. Miaka minane baadaye ukuu huo nilipewa mimi. Alikuwa wa kwanza kunipongeza, na alileta maandazi. Nimekaa kwenye kiti chake, nikanyamaza, na ninaona haya.

Bi. Mwasiti, jana nimewaandikia makao makuu kwamba kosa lile lilikuwa langu, na nimeomba onyo lifutwe. Najua utanigombeza, lakini umechelewa, barua imeshapokelewa. Asante, mama, kwa ajira yangu na kwa subira yako. Ofisi nzima inakuombea afya, usingizi mnono wa mchana na wajukuu wenye adabu. Kapumzike sasa, kosa lako nimelichukua, lilikuwa langu.

Hasna Abdulkarimu
Mkuu wa Ofisi