Kuruta Asiyejua Kiswahili

Wapendwa, asanteni kwa nafasi hii. Binti yangu ameniomba nizungumze nimeketi, lakini jambo hili siwezi kulisimulia kitini. Mwaka huu wa 1999 nimetimiza miaka sabini na tano. Mnanisikia nikitafsiri mahubiri hapa kanisani kwetu Ilford, London, mnadhani Kiswahili nilizaliwa nacho. Sivyo! Kwetu ni bara, upande wa ziwa, na nilipoandikwa jeshi la Mwingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nilijua neno moja tu: jambo.

Ndugu zangu, nawaambia, amri zote kambini zilitolewa kwa Kiswahili. Koplo akisema nyuma geuka, mimi namtazama jirani kwanza, ndipo nageuka. Kila nikichelewa, nazungushwa uwanja mbio, bunduki juu ya kichwa. Makuruta wakaniita Kiziwi. Nilicheka nao, lakini moyoni niliungua.

Ikafika siku ya mabomu ya mkono. Kuruta mmoja alirusha vibaya, bomu likaanguka karibu. Koplo akaamuru tulale chini. Wote wakalala; mimi nimesimama, nawashangaa! Mtu akanivuta miguu, nikaanguka kifudifudi, vipande vikapita juu yetu. Alikuwa mwenzangu wa hema, mtu wa pwani. Goti lake lilipasuka kwenye jiwe kwa ajili yangu.

Mchana ule ule nikatoroka. Haukuwa woga, wapendwa, ilikuwa aibu. Nimeketi stesheni nangoja treni, namwona anakuja, anachechemea. Hakunigombeza. Alishika kidonda chake, akasema polepole, "Goti."

Akangoja.

"Goti," nikasema.

Akanyoosha mkono tulikotoka. "Kambi. Twende."

Nilielewa! Ndugu zangu, nilielewa kila neno!

Tulirudi, tukaadhibiwa wote wawili, mimi kwa kutoroka, yeye kwa kunifuata bila ruhusa: wiki mbili kumenya viazi. Pale jikoni ndipo palipokuwa shule yangu. Mwenzangu anatoa amri, nasimama na kisu mkononi, nageuka. Mpishi naye akajiunga, akinisahihisha kwa mwiko.

Adhabu ilipokwisha, koplo alinisimamisha peke yangu mbele ya wote, akanimwagia amri mfululizo. Hapakuwa na jirani wa kumtazama. Sikukosea hata moja! Akaniambia sasa niwaamuru wenzangu. Nikavuta pumzi: "Nyuma, geuka!" Kikosi kizima kikageuka kwa pamoja, vumbi likatimka. Hata sasa mwili unanisisimka.

Namshukuru koplo yule, aliyeweza kunifunga kwa utoro asinifunge. Namshukuru mpishi. Na mwenzangu wa pwani, ambaye nilitenganishwa naye tulipopelekwa vitani Burma, hadi leo sijui kama alirudi kwao. Namshukuru mbele yenu, kwa lugha yake.

Wapendwa, tunao hapa wageni waliofika London juzi tu, barua ya serikali ikija kwa Kiingereza hawajui inasema nini. Asiyeelewa si mjinga, wala si kiziwi. Mfuate alipokaa, umpe neno moja, kisha la pili. Mama uliyetoka Kongo wiki iliyopita, lete barua zako. Ibada ikiisha, tunaanza.