Mafiga ya Mama Maximilla

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Majumba ya Kale, Mchungaji uliyetuombea, Chifu wetu, ndugu wageni waalikwa mlioketi hemani, na nyinyi majirani mliosimama juani kwa sababu viti havikuwafikia, nawasalimu nyote.

Mimi naitwa Bilal, fundi wa chokaa. Kwetu ni Vanga, mpakani kabisa, na shule niliiachia darasa la sita. Nimekuwa hapa Lurambi tangu mvua za mwaka jana. Mgongo umechoka, na vidole hivi vimeliwa na chokaa hata mke wangu tukizungumza kwa simu huniambia, "Nionyeshe uso tu, hiyo mikono iweke mbali."

Mwenyekiti ameniomba niseme kidogo kwa niaba ya mafundi, nishukuru, kisha niketi. Nitashukuru. Kuketi ndiko kutakakonishinda.

Hebu itazameni nyumba. Matao ya baraza yalikuwa yameinama kama walevi wanaosindikizana, leo yamesimama. Kuta tulizivua saruji iliyokuwa ikizinyima pumzi, tukazipaka chokaa iliyolala shimoni mpaka ikawa laini kama maziwa ya mgando. Madirisha ameyachonga upya Wanyama, seremala wetu, akayaunga ulimi kwa tundu bila msumari, kwa kuwa ndivyo yalivyokuwa. Jiko la nyuma alilikandika Nasambu kwa udongo na samadi ya ng'ombe, kwa kiganja chake mwenyewe, kama alivyofundishwa na mama yake. Aliyeijenga nyumba hii zamani alitaka dirisha litazamane na dirisha, upepo uingie huku utokee kule, na sisi tulimfuata hatua kwa hatua. Kamati ilitupa mbao nzuri, matofali mazuri na muda wa kutosha. Kwa hayo, asante, na ninaisema kwa moyo.

Sasa nauliza: nyumba hii ni ya nani?

Kwenye kadi zenu imeandikwa kwamba leo tunafungua Nyumba ya Wageni, watalii walale hapa wakienda kuuona msitu. Mimi nilipofika niliikuta ni nyumba ya Mama Maximilla, mjane wa marehemu Barnaba Shikanga. Aliolewa humu, akazalia humu, akamzika mumewe pale kando ya ua. Kamati ilimwambia ahamie Iguhu kwa binti yake Edah mpaka kuta zikauke. Mwenyekiti, nilikuwepo. Ulishika kofia mkononi ukamwambia, "Mama, sisi tunaiazima tu. Tutakurudishia ikiwa nzuri kuliko siku ya harusi yako." Kama nasema uongo, kipaza sauti ni hiki, njoo unisahihishe.

Hataki. Basi naendelea.

Mama huyo hakutuacha. Alikuwa akitoka Iguhu na kikapu cha viazi vitamu, anasimama chini ya jukwaa letu la ujenzi, mkono kiunoni. "Wewe Mswahili," ananiambia, "unapakanga hiyo chokaa kama siagi ya kuomba! Ongeza!" Nasambu naye anamjibu, "Mwache, Mama, kwao kuna mchanga tu, ukuta anauogopanga." Tunacheka mpaka jukwaa linatikisika. Kisha anaingia jikoni, anayagusa mafiga yake matatu, anatuambia, "Siku nitarudi, nyinyi wote mtakula obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, hapa. Na huyu mtu wa Vanga nitampa paja, labda atapata nguvu ya kupaka."

Tulifanya kazi tukilingojea jiko hilo liwashwe.

Juma lililopita nilitoka msikitini nikamkuta Nasambu ameketi chini mlangoni mwa jiko, mikono kichwani. Ndani hapakuwa na mafiga. Pamewekwa meza ya kupokelea wageni. "Wameyatoa," akaniambia. "Bilal, mafiga ya mama hayatolewi jikoni akiwa hai. Yakitoka, ni kusema ameshazikwa."

Tuliyatafuta. Je, mnajua yako wapi? Nyote mmeyapita. Ni yale mawe matatu langoni, yaliyopakwa rangi nyeupe, yenye maua katikati. Kijana wa kamati aliniambia, "Fundi, hayo ni mawe tu. Si yamependeza?"

Kijana yule simlaumu sana, amelelewa mjini. Mimi mwenyewe nilikuwa mgeni wa jambo hili. Lakini wewe, Mwenyekiti, umezaliwa hapa! Mama yako alikupikia juu ya mafiga! Ungemkuta mtu ameyang'oa ya mama yako na kuyapaka rangi kama mawe ya kuzuia magari, ungempigia makofi? Mnasema mnahifadhi mila. Mila gani hiyo inayohifadhi jiko na kumfukuza mpishi? Mmeturudisha kwenye kazi ya mababu, tao kwa tao, ili mpate nyumba nzuri ya kumwibia mwenyewe?

Asubuhi hii Mama Maximilla alifika kwa mwaliko, kadi ya mgeni imening'inia shingoni. Langoni akasimama. Akayatazama yale mawe, akanishika mkono, akaniuliza polepole, "Bilal, mimi nilikufa lini? Mbona hakuna mtu aliniambia?"

Jibu lake nimelitafuta tangu asubuhi, na ndilo hili ninalowapa.

Mama yule pale, safu ya nyuma, mwenye kitambaa cha buluu. Hakufa. Mheshimiwa ananionyesha saa, namwona. Mheshimiwa, najua baada ya leo hutaniita kazini tena. Nitarudi Vanga, nako kuna kuta. Lakini chokaa yangu sikuichoma ili ifunike uongo. Utepe ukate ukipenda, huo ni wako. Jiko si lako. Atakayeingia kwanza ndani ya nyumba hii ni Mama Maximilla, na akitaka kukukaribisha chai, hiyo ni hiari yake. Anaweza pia kukunyima.

Mama, simama. Usiwaogope hawa. Edah, mshike mkono mama yako. Ndugu zangu, pisheni njia katikati ya hema.

Wanyama na Nasambu wameshaondoka pale mlipowaona. Wako langoni, wanayang'oa maua. Mawe hayo ni mazito, nao ni wawili tu, wamechoka kama mimi. Na nyinyi majirani mnaoijua maana yake kuliko mimi, mtaendelea kutazama?

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa nipeni mikono.