Eriya Okochi, Aliyehesabu Moshi wa Busia

Marehemu Eriya Okochi alizaliwa Lumino tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wandera na marehemu Mama Ajambo. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Lumino, kisha akajifunza ufundi wa magari Tororo, akamaliza mwaka 1986.

Tarehe 2 Januari 1993 alifunga ndoa na Taaka. Wakitoka kanisani Tororo, gari la maharusi lilisimama kungoja treni ipite, na Eriya akamwambia dereva azime injini, maana hakupenda mafuta yaungue bure. Treni ikapita, gari likagoma kuwaka. Bibi harusi alisukuma na shela kichwani. Taaka aliisimulia safari hiyo kila Krismasi, na kila mwaka umbali uliongezeka.

Kwa miaka mingi alitengeneza malori Busia. Mwaka 2018 baraza la mji lilimwajiri ahesabu mahali pote panapotoka hewa ukaa. Alizunguka na daftari: malori yanayonguruma kwenye foleni ya mpaka, majenereta ya madukani, jaa la taka linalofuka kutwa, majiko ya mkaa. Aliwasihi madereva wazime injini wakingoja. Wengi waliogopa hazitawaka tena.

"Wewe zima tu," aliwaambia. "Ikikataa, mimi nasukuma."

Alisukuma kweli, yeye na matingo wao. Kufikia mwaka 2022 malori mengi yalingoja zamu kwenye uwanja wa maegesho, injini zikiwa zimezimwa, na maganda ya sokoni yaligeuzwa mbolea badala ya kuchomwa.

Siku moja Taaka, macho yakimchuruzika machozi ya moshi, alimwuliza, "Moshi ya watu wote umeandika. Ya jiko yangu utaandika lini?" Kesho yake Eriya aliandika daftarini: nyumba ya Okochi, jiko moja. Wiki hiyo hiyo akamjengea jiko lenye bomba la kutolea moshi nje.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2023. Alilazwa Tororo mara nne, na huko alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Taaka. Tangu hapo Taaka hajalia. Anakunja leso, anazikunjua, anauliza kama wageni wamekula. Sisi wengine pia tunafanya kazi tu.

Eriya aliacha ombi moja, kwamba asizikwe kwa ngurumo ya jenereta. Kaka yake Matayo alikataa, akisema ni aibu watu watoke mbali wasisikie kitu. Spika zikaletwa. Jana jenereta lilipojaribiwa, Taaka alikwenda nyuma ya nyumba akalizima kwa mkono wake.

"Alisema isingurume," alisema. "Mwenye hasikii asogee."

Marehemu ameacha mjane, Taaka, watoto wawili, Nerima na Paddy, wajukuu watatu, na kaka yake Matayo, ambaye asubuhi hii amezirudisha spika zilikotoka yeye mwenyewe.

Eriya na apumzike kwa amani, katika utulivu alioomba. Nanyi mlio nyuma, tafadhali sogeeni karibu.