Mama Vibindo, Aliyetazama Kilichomo Ndani

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yangu, aliyeagiza kwamba historia yake isizidi ukurasa mmoja, nasi tumetii kwa kupunguza ukubwa wa herufi.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma shule ya jirani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1975 akahitimu udaktari, akaajiriwa maabara ya damu ya hospitali kuu, alikobaki hadi kustaafu, na hata baada ya kustaafu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumdai ufunguo.

Huko alichunguza chembe sahani, zile zinazokimbilia jeraha kuliziba, na hasa vifuko vilivyomo ndani yake, ambavyo seli mama huviunda kwenye uboho wa mfupa, zikavijaza shehena ya kuzibia, nyingine ya kujitengenezea, nyingine ya kuchota kwenye damu, kisha zikavisukuma katika mikono mirefu inayokatika kuwa chembe sahani. Yeye aliviita vibindo, akikumbuka bindo la mama yetu, pindo la kanga alilolikunja likajaa maharage. Kamati ya Istilahi ikamwandikia kwamba neno sahihi ni “chembehifadhi za ndani ya chembe”, naye akajibu kwamba atalitumia siku atakayopata pumzi ya kutosha.

Mwaka 1979 aliolewa na shemeji yetu huyu, fundi lenzi, aliyekuja kutengeneza darubini yake, akawa anarudi kila wiki kutengeneza darubini isiyo na hitilafu yoyote, wakajaliwa binti mmoja.

Binti huyo aling’oka jino la utoto, damu ikagoma kukata, na majibu ya hospitali yakasema chembe sahani zake zinatosha, dada akaziweka chini ya darubini, akazikuta zimepauka, akamwambia daktari mwenzake, “Bwana wee, umehesabu magunia, hujafungua hata moja!” Vibindo vya mtoto vilikuwa havishiki mzigo, ukimwagikia humo humo kwenye uboho.

Kwa hiyo binti alipopata mimba, tuliogopa sana siku ya kujifungua, na karani wa damu akakataa kumwekea chembe sahani za akiba kwa sababu hesabu ya chembe zake ni ya kawaida, ndipo dada akaketi kwenye benchi la ofisi ile na kumsomesha, hadi karani mwenyewe akaandika, sababu: “vibindo vitupu”, akagonga mhuri, na neno likawa la serikali bila kupitia Kamati.

Mjukuu alizaliwa tarehe 12 Septemba 2014, damu ya mama yake ikakata, na bibi akakimbilia maabara na tone la damu ya kitovu cha mtoto, akarudi koridoni akipiga kelele, “Vimejaa! Jamani, vimejaa!”

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022, akatutoka asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024, mjukuu akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari, majirani, wafanyakazi wenzake, na yule karani, aliyekaa safu ya pili.

Dada, ufunguo tumeurudisha. Pumzika kwa amani, bindo lako limejaa.