Unga wa Fedha Kidondani

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu aliyenisimamisha hapa barazani kwangu Kikwajuni kwa miguu yangu miwili. Ihesabuni wenyewe! Nimekuiteni kwa dua ya shukurani, lakini kabla halua haijapita nataka mnisikilize.

Wengi mnanijua. Mimi ni sonara, nafua fedha Mji Mkongwe tangu sijaota ndevu. Na kiburi changu mnakijua pia. Nilipoambiwa nina sukari, nilicheka. Nikaendelea na chai yangu ya vijiko vinne, nikisema daktari hajui raha.

Ndugu zangu, sukari haipigi hodi. Siku moja nimekaa nachomelea kikuku, kaa la moto likaniangukia mguuni. Sikulihisi, sukari ishanitia ganzi miguuni! Nilisikia harufu, ndipo nikatazama chini. Nyama yangu inaungua, na mimi naimba! Kidonda kikafunguka, wiki zikapita, hakifungi. Nikatia asali, nikatia majivu, nikatia kila nilichoambiwa na kila aliyepita dukani. Kikaanza kunuka, wateja wakawa wanaagiza vitu vyao kutokea mlangoni.

Mke wangu, Bi Salma, akanivuta hospitali. Huko tukamkuta Bi Rahma, muuguzi wa vidonda. Akanambia, "Ipo dawa mpya, ute mzito uliotengenezwa kwa mwani, na ndani yake mna madini ya fedha. Fedha inaua vijidudu. Itafika Jumatatu, subiri."

Nisubiri? Mimi, nisubiri fedha? Nilirudi nyumbani nikachukua tupa yangu ya kusugulia fedha, nikatafuta fedha safi kuliko zote ninazozijua. Ilikuwa bangili ya harusi ya Bi Salma, niliyoifua kwa mkono wangu. Nikaipiga tupa, unga wake nikauchekecha kwa kitambaa cha kuchujia tui, nikaumimina kidondani. Na nikajisifu, wallahi!

Siku ya tatu mguu ulivimba mpaka gotini na homa ikanitetemesha. Nilifikishwa hospitali nimebebwa. Daktari akasema mfupa ukikutwa umeoza, mguu unakatwa. Nililia, ndugu zangu, nililia mbele ya mke wangu. Bi Rahma alikuwa akiosha kidonda, na unga unametameta kwenye beseni. Akaniuliza, "Hiki nini, Mzee Nassor?"

Nilitaka kusema uongo. Mungu akanifungua kinywa. "Nshakosa, Bi Rahma," nikamwambia. "Nlidhani hakuna fedha nsiyoijua."

Kuokoka kwangu kulianzia hapo! Hakunicheka. Akanambia, "Unga wako ni mchanga tu, unakwaruza nyama na umebeba uchafu. Hii yetu ni chembe ndogo mno, jicho haliioni, imo ndani ya ute safi, inatoka kidogo kidogo. Ute unakipa kidonda unyevu, fedha inapambana na vijidudu. Na mwani wenyewe si huu unaolimwa pwani ya Paje, kwa hivyo usende ukauchuma!"

Alhamdulillahi, mfupa ulikutwa mzima! Walikata nyama iliyokufa, wakanipiga sindano, wakanipaka ule ute, baridi yake naikumbuka mpaka leo. Chai nikainywa bila sukari, nikikunja uso. Kila bendeji ilipobadilishwa nilitazama na kusikiliza kama mwanagenzi. Nyama ikawa nyekundu, ngozi ikaanza kutambaa kutoka pembeni, na Ijumaa moja nikavaa kiatu, nikaenda msikitini kwa miguu.

Ndugu zangu, Mungu ndiye anayeponya, na mikono ya kuponyea huichagua Mwenyewe. Mtegemeeni, na mkiletewa mikono hiyo msiisukume. Mwenye sukari miongoni mwenu avue viatu leo hii, atazame nyayo zake. Akiona jeraha, hata dogo, aende hospitali, asende kwa sonara!

Bangili nilitaka kuitengeneza. Bi Salma amekataa katakata. Anasema ataivaa na pengo lake, ili kila nikijifanya najua sana, anioneshe. Yuko nyuma ya pazia hapo, anacheka, namsikia. Bi Salma, toa mkono wako, watu waone.

Haya, mmeliona? Basi inueni mikono yenu, tuombe dua.