Lodi Aubrey Thorncliffe na Heshima Aliyompa Mzee Holroyd

Ndugu, jamaa na majirani wa Wendale, kuna jambo moja ambalo sisi wa familia tumelijadili mezani siku sita hizi bila kulipatia jibu, nalo ni kwa nini marehemu, kuanzia Januari 1938 hadi alipostaafu mwaka 1950, kila Jumanne alasiri alitoka Bungeni, akavuka ukumbi, akaenda kusimama mlangoni mwa Baraza la Malodi, kumsikiliza mtu mmoja tu, Gervase Holroyd, akiwahutubia wazee saba wanaosinzia, kisha akageuka na kurudi. Wapo wanaosema alikwenda kufurahia, wapo wanaosema alikwenda kujuta, na mjane wake, Bibi Honor, akiulizwa hujibu kwamba Jumanne hakuwa na kazi nyingine. Hilo tunaliacha lilivyo, maana yaliyolitangulia tunayajua.

Marehemu Lodi Aubrey Thorncliffe alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1891 katika jumba la Wendale, akiwa mtoto wa tatu wa kiume wa Markizi, yaani lodi mkubwa wa kurithi, wa Wendale, kwa hiyo aliitwa lodi kwa adabu tu, cheo chenyewe na mashamba vikawa vya kaka yake mkubwa, na yeye, kwa kuwa hakurithi kitu, akabaki na ruhusa ambayo kaka yake hakuwa nayo, yaani kugombea ubunge.

Alipelekwa shule ya bweni Septemba 1899 akiwa hajatimiza miaka minane, akajifunza huko Kilatini, kriketi na kutolia mbele ya watu, kisha akasoma historia Oxford kuanzia 1910 hadi 1913, akatoka na daraja la pili, ambalo baba yake alisema linamtosha mtu asiyetafuta ajira. Vita vilipoanza alijiunga na kikosi cha jimbo, akajeruhiwa mguu wa kushoto mtoni Somme Julai 1916, na tangu hapo akawa anachechemea.

Tarehe 4 Juni 1919, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Bibi Honor Fenwick, aliyekua naye pamoja, ambaye siku ya kuposwa alimwambia, "Nakukubali, Aubrey, ila una kinyongo wewe, mpaka leo hujanisamehe nilivyokushinda kwenye mbio za farasi," naye akajibu, "Bado nalifikiria." Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Hugh, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1920.

Novemba 1922 marehemu alichaguliwa kuwa mbunge wa bonde letu, na kwa miaka mitano alihangaikia muswada mmoja, wa kuwalipa fidia wajane wa wachimba madini ya risasi, wanaume waliokuwa wakifa kwa vumbi kabla ya kufika miaka arobaini, mpaka akapangiwa siku ya kura, Ijumaa tarehe 9 Machi 1928. Jumatano ya wiki hiyo Hugh alishikwa na dondakoo. Bungeni kwetu kuna desturi ya jozi, mbunge mwenye udhuru hukubaliana na mmoja wa upande wa pili kwamba wote wawili hawatapiga kura, haiandikwi popote, hushikiliwa na neno la mtu tu, na Gervase Holroyd, mbunge wa upande wa pili, mtoto wa mwenye viwanda vya sufu, alimshika mkono marehemu akamwambia, "Nenda kwa mwanao, bwana. Usipokuwepo wewe, na mimi sipo."

Marehemu akapanda treni. Ijumaa alasiri, yeye akiwa amekaa kitandani akimshika mtoto kichwa ili apate kupumua, Holroyd aliingia ukumbini akapiga kura, na muswada ukaanguka kwa kura mia na kumi na mbili dhidi ya mia na kumi na moja. Hugh alifariki Jumapili. Marehemu aliporudi London alimkuta Holroyd kwenye ngazi za Bunge, akamuuliza sababu mbele ya watu, naye akajibu, "Pole kwa msiba, Aubrey, lakini siasa haikai kitandani kwa mgonjwa." Mwezi uliofuata Holroyd alipandishwa cheo katika chama chake, na hapa Wendale wajane thelathini na mmoja, ambao baadhi yenu ni watoto wao, hawakupata kitu.

Marehemu hakugombana naye tena. Alimsalimia, alimpisha mlangoni, na mwaka 1935 alipoteuliwa kuwa Mnadhimu Mkuu wa chama, mtu anayempelekea Waziri Mkuu majina ya wanaostahili heshima za Mfalme, alisubiri mwaka mmoja zaidi, mpaka ilipokuwa wazi kwamba Holroyd ndiye atakayechaguliwa kiongozi wa chama chake, na pengine siku moja wa nchi. Ndipo akapeleka jina la baba yake, Mzee Josiah Holroyd, mwenye miaka themanini na mitano na moyo mbovu, apewe ulodi wa kurithiwa kwa sababu ya hospitali mbili alizojenga. Hospitali zilikuwepo kweli, hakuna aliyeweza kupinga. Lakini cheo hicho baba akifa humwangukia mwanawe mkubwa siku ile ile, atake asitake, na lodi wa namna hiyo hana kiti Bungeni, kiti chake ni kule Baraza la Malodi, na uongozi wa chama humpita.

Gervase alimsihi baba yake akatae, na mzee mwenyewe alilisimulia hilo baadaye hapa Wendale, alipokuja kushukuru na blanketi la sufu begani. "Ananiambia, Baba, kataa. Nikamwambia, nimekula vumbi la sufu miaka sabini, leo Mfalme ananiita lodi, wewe unaniambia nikatae? Mama yako angekuwa hai angekuchapa." Alicheka mpaka akakohoa, na Bibi Honor akamletea maji, na marehemu akatazama dirishani.

Kabla ya hapo, Desemba 1936, Gervase alimfuata marehemu kwenye korido akamwambia, "Liondoe jina lake, Aubrey. Mzee ana miaka themanini na mitano, unajua maana yake." Marehemu akamjibu, "Najua. Ndiyo maana nimeharakisha." Mzee Josiah alifariki tarehe 14 Novemba 1937, akiwa lodi kwa miezi kumi na nusu, marehemu alihudhuria mazishi yake, na Gervase akatoka Bungeni moja kwa moja. Mzee yule hakuwa amemkosea mtu, na familia inalisema hilo bila kumhukumu aliyelala hapa mbele yetu, kwa sababu, ukimtoa Bibi Honor, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa kando ya kitanda kile cha Hugh.

Marehemu alipatwa na kiharusi Septemba 1956, nimonia ikafuata, akafariki nyumbani Jumatano tarehe 22 Januari 1958, akiwa na miaka sitini na sita. Tunamshukuru Daktari Ridley, muuguzi Bi. Cowell aliyemgeuza kitandani miezi kumi na sita bila kidonda, wabunge wa pande zote mbili waliosafiri kwenye theluji, na wachimbaji wa bonde hili waliolichimba kaburi kwenye udongo ulioganda.

Marehemu aliacha agizo kwamba Holroyd asikanyage mazishi yake. Ijumaa ikaja barua ya Holroyd, akiomba asimame nyuma tu. Jumamosi tulikaa, mchungaji akasema kanisa halina orodha ya maadui, mpwa wa marehemu, anayewasomea haya, akasema miaka thelathini inatosha, na uamuzi ukaachiwa Bibi Honor, ambaye alimtumia Holroyd simu ya maandishi ya maneno manne: "Aubrey hayupo. Heshimu jozi."

Holroyd amekuja hata hivyo, yupo nje kwenye theluji, kofia mkononi. Mlango mmeuona umefungwa, na aliyeufunga, akauzungusha ufunguo na kukaa nao mstari wa mbele, ni Bibi Honor mwenyewe. Aubrey, pumzika, mkeo yupo.